Choroa Mweupe kati ya Doha na Isiolo

Mwanzoni mwa 1961 msafara wa magari ulitoka Qatar, ukavuka Rub' al-Khali, ukaingia nchi ya Wamahra, upande wa mashariki wa iliyokuwa himaya ya Waingereza ya Aden. Ni yapata kilomita 800 kwa mstari ulionyooka, na jangwani mstari ulionyooka haupo. Wasafiri hawa hawakuwa wafanyabiashara wala mahujaji. Walikuwa wawindaji, na kabla hawajageuza magari kurudi kwao walikuwa wameua choroa weupe takriban 50. Waliofuatilia habari za mnyama huyu enzi hizo walikadiria kuwa porini walisalia mia moja au mia mbili hivi, dunia nzima. Msafara mmoja tu, basi, ulikuwa umekula fungu kubwa la kizazi chote.

Msomaji wa Kenya amjuaye choroa wa Samburu au wa Isiolo, yule mwenye rangi ya kijivu na mabaka meusi usoni, asimpimie huyu wa Arabuni kwa kipimo hicho. Wa Arabuni ndiye mdogo kupita ndugu zake wote, kilo 70 hivi, mweupe mwili mzima isipokuwa miguu yenye rangi ya kahawa iliyokaangwa na alama nyeusi za usoni. Weupe huo unarudisha jua lilikotoka. Kwato zake ni pana, za kukanyagia mchanga bila kuzama. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa, akijitosheleza kwa majani na umande wa alfajiri, na mchana wa kiangazi hujifukulia shimo chini ya kivuli cha mti, akalala humo mpaka joto lipungue. Akitazamwa ubavuni, pembe zake mbili zilizonyooka huonekana kama moja, na wapo wanaosema kwamba huko ndiko ilikozaliwa ile hadithi ya Wazungu ya farasi mwenye pembe moja.

Mabedui walimwinda kwa karne nyingi bila kummaliza. Mtu mmoja, ngamia mmoja, bunduki ya kushindilia. Akipata choroa mmoja familia imekula, na nyama iliyobaki ikakaushwa. Aliyemponza choroa ni gari. Mafuta yaligunduliwa Dukhan, magharibi ya Qatar, mnamo 1939. Vita vya Pili vya Dunia vikachelewesha mambo, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwishoni mwa 1949. Miaka kumi baadaye kijiji cha wapiga mbizi wa lulu kilichoitwa Doha kilikuwa kimepata fedha, na wenye nacho walikuwa wamepata magari ya kukanyaga mchanga pamoja na bunduki za kisasa. Choroa hakimbilii msituni, maana msitu haupo. Hukimbia kwenye uwanda ulio wazi, nyayo zikibaki nyuma yake kama mstari wa wino, na gari halichoki mapema kama anavyochoka yeye.

Kabla hatujawanyooshea kidole watu wa Ghuba, tukumbuke kwamba Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 na mwanawe Kermit, wawili hao peke yao waliangusha wanyama 512, na dunia ikawapigia makofi. Tofauti ni kwamba Roosevelt alikuja wakati wanyama wangali wengi.

Habari za mauaji ya Mahra zilipofika London, Fauna Preservation Society, chama cha kuhifadhi wanyama kilichoundwa 1903, kiliona kwamba kumlinda choroa porini hakuwezekani tena. Eneo ni kubwa mno, askari ni wachache, na wawindaji wanatoka nchi nyingine. Ikabaki njia moja: kuwakamata wachache walio hai na kuwapeleka mahali salama wakazaane. Mfuko wa Wanyamapori Duniani, WWF, ulikuwa umezaliwa mwaka huohuo wa 1961, na kazi hii ikawa miongoni mwa za kwanza kabisa kuchangiwa nao. Mtu aliyetakiwa kuiongoza alipatikana Nairobi. Meja Ian Grimwood alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa mateka wa Wajapani wakati wa vita.

Grimwood alifika Mahra Aprili 1962. Huko alipokewa na habari mbaya: wawindaji walikuwa wamemtangulia tena. Aliendelea hivyo hivyo, akiwa na wafuata nyayo wa Kibedui, askari wa Kihadhrami, ndege ndogo ya kuchungulia kutoka juu, na mbinu ya kukamatia iliyokuwa ikitumika Afrika Mashariki, yaani gari jepesi la kukimbizia na fito ndefu yenye kitanzi mbele. Kwa Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja nchi hii si ngeni kwa masikio, maana Hadhramaut ndiko walikotoka mababu wa Washihiri wengi wa mitaa yetu. Lakini hapa hatuzungumzii Tarimu wala Shibamu yenye majumba ya udongo. Ni changarawe na mawe, ambapo wafuata nyayo walikuwa wakisoma ardhi siku nzima na kuambulia kinyesi kikavu.

Kukamata mnyama wa aina hii ni kazi ya dakika. Ukimkimbiza kidogo tu kupita kiasi damu yake inachemka, misuli inakufa, na mnyama anakufa nayo saa au siku chache baadaye hata kama hana jeraha. Kwa hiyo kitanzi kikishaingia shingoni, watu huruka kutoka garini, wakashika pembe kwanza, kwa sababu choroa anajua kuzitumia, kisha wakamfunika macho na kumtia kwenye sanduku lililowekewa magunia ya kumzuia asijiumize. Wiki zote zile za msako zilizaa choroa wanne: madume watatu na jike mmoja. Dume mmoja alikufa, na mwilini mwake ikakutwa risasi ya wawindaji waliopita. Wakabaki watatu.

Hao watatu walipelekwa Isiolo.

Sehemu hii ya historia haitajwi sana, hata Kenya kwenyewe. Isiolo ilichaguliwa kwa sababu ya ukavu wake. Ndiyo lango la kaskazini, mahali ambapo choroa wetu wa kijivu wanaishi bila kuhitaji msaada wa mtu. Wale wageni weupe walijengewa mazizi, wakalishwa na kuangaliwa na watumishi wa idara ya wanyamapori wa nchi ambayo yenyewe ilikuwa ikihesabu miezi kuelekea uhuru. Mwanzoni Kenya ilifikiriwa kuwa makao yao, kisha uamuzi ukabadilika: kundi la uzazi likawekwe Arizona, Marekani, ambako hewa ya jangwa inafanana na ya Arabuni, chini ya uangalizi wa bustani ya wanyama ya mji wa Phoenix. Baada ya karantini walifika huko katikati ya 1963.

Watatu hawatoshi kuanzisha ukoo. Bustani ya wanyama ya London ikatoa jike mmoja, sheikh mmoja wa ukoo wa Al-Sabah wa Kuwait akatoa jike mwingine, na Mfalme Saud wa Riyadh akatoa madume wawili na majike wawili. Jumla wakawa tisa, na wakaitwa Kundi la Dunia. Oktoba 1963 akazaliwa ndama wa kwanza. Kutokana na hao tisa ndiko walikotoka wengi wa choroa weupe unaowaona leo Oman, Jordan na Saudia.

Nimesema wengi, sikusema wote, kwa kuwa Qatar ilikuwa na hadithi yake pembeni. Wawindaji wale hawakuwa wakiua tu. Mara nyingine walirudi na choroa wakiwa hai kwenye magari, maana kumiliki mnyama adimu ni fahari Arabuni tangu zamani, kama kumiliki kipanga mzuri. Mmoja wa masheikh wa ukoo unaotawala, Kassim bin Hamad Al Thani, alikuwa na kundi lake shambani, na choroa hao walizaana. Kwa hiyo miaka ileile ambayo jina la Qatar lilitajwa London kwa uchungu, ndani ya Qatar kulikuwa na ua wenye damu ambayo Phoenix hawakuwa nayo. Waliomaliza na waliotunza walikuwa watu wa nyumba moja. Sioni unafiki hapo. Naona watu ambao mazoea yao yalipitwa na kasi ya injini zao, wakastuka wakiwa wamechelewa, ingawa hawakuchelewa kabisa.

Porini mambo yaliendelea vibaya hadi mwisho. Oktoba 1972, katika uwanda wa Jiddat al-Harasis nchini Oman, kundi la mwisho lilipatwa na wawindaji wa magari. Baada ya hapo choroa mweupe alikuwapo kwenye mabustani na mashamba ya watu, lakini nyikani hakuwapo hata mmoja.

Oman ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumrudisha nyikani bila uzio. Sultani Qaboos aliamua hivyo, choroa wakaletwa kutoka Marekani, na Januari 1982 kumi wa kwanza wakafunguliwa Yalooni, katika uwanda uleule wa Jiddat al-Harasis. Walinzi wao walikuwa Waharasis wenyewe, wachungaji wa eneo hilo. Mwaka 1994 UNESCO ikaiandika hifadhi ya uwanda huo kuwa urithi wa dunia. Kufikia 1996 choroa walikuwa yapata 450.

Kisha wakaja wezi. Safari hii hawakutaka nyama. Walitaka mnyama hai, hasa jike, wa kuuzwa kwa watu binafsi wenye mashamba ya wanyama. Wengi wa waliokamatwa walikufa njiani, kwa ugonjwa uleule wa misuli ambao Grimwood alikuwa akiukimbia. Kufikia 2007 walibaki 65, na serikali ilipopunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta, UNESCO ikalifuta jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahali popote duniani kuondolewa kwenye orodha ile. Mapenzi ya kufuga yaliyoiokoa damu ya choroa wa Qatar ndiyo, kwa mikono mingine, yaliyoibomoa hifadhi ya Oman.

Qatar ilifuata njia ya uzio. Nchi ilipata uhuru Septemba 1971, ikiwa ndogo, tambarare, isiyo na mlima wala mto, na ilihitaji sura ya kujitambulisha. Mwaka 1979 serikali ilianzisha hifadhi ya Al Shahaniya, magharibi ya Doha, na choroa wakawekwa humo. Mwaka 1997 ikafuata Al Maszhabiya, kusini-magharibi. Katikati ya miaka hiyo shirika la ndege la taifa lilianza kuruka, 1994, likiwa na kichwa cha choroa mkiani. Michezo ya Asia ilipofanyika Doha Desemba 2006, kikaragosi cha michezo kilikuwa choroa aliyevaa fulana na kuitwa Orry. Sanamu yake iliwekwa barabara ya Corniche, na watoto wakapigwa picha mbele yake bila shaka mara nyingi kuliko choroa yeyote wa kweli. Mnamo 2011 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimhamisha choroa mweupe kutoka kundi la walio hatarini na kumweka kwenye daraja nafuu zaidi. Hakuna mnyama mwingine kabla yake aliyekuwa ametoweka porini kisha akapanda kufikia daraja hilo.

Ukizungumzia wanyama na picha katika Doha hiyohiyo, utakutana na jina la Sheikh Saud bin Mohammed Al Thani. Alizaliwa 1966, akawa msimamizi wa utamaduni wa nchi tangu 1997 hadi alipoondolewa 2005, na katika miaka hiyo hakuna mnada mkubwa wa sanaa duniani ambao wauzaji hawakumngojea. Mwaka 2000 alinunua nakala ya kitabu cha ndege wa Marekani cha John James Audubon kwa dola milioni 8.8. Mei 2003, London, alilipa zaidi ya pauni laki tano na nusu kwa picha moja ya mwaka 1842, iliyochapwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na Mfaransa Girault de Prangey huko Athens. Hapajawahi kuuzwa picha kwa bei ile kabla ya siku hiyo. Alikusanya picha na kamera za zamani kwa idadi ambayo majumba ya makumbusho ya Ulaya yaliionea wivu.

Mtu huyohuyo alilichukua shamba la baba yake la Al Wabra, karibu na Al Shahaniya, akaligeuza kituo cha kuzalisha wanyama walio karibu kutoweka. Wengi wa wanyama wake walitoka upande wetu wa bahari. Alikuwa na beira, paa mdogo wa milima mikavu ya Somaliland na Djibouti, mwenye masikio makubwa mno, mnyama ambaye nje ya nchi zake karibu huwezi kumwona popote pengine. Alikuwa na swala twiga na swala wa Pembe ya Afrika. Ila jina la Al Wabra lilienea kwa ajili ya kasuku wa buluu kutoka Brazili. Kasuku huyo alielezwa kisayansi 1832, na wa mwisho porini, dume mpweke wa Curaçá katika jimbo la Bahia, alitoweka Oktoba 2000. Sheikh Saud alinunua kasuku wa aina hiyo kutoka kwa wafugaji wa Ufilipino na Uswisi hadi zaidi ya nusu ya wote waliojulikana duniani wakawa wanaishi kwenye vyumba vyenye viyoyozi katikati ya jangwa la Qatar. Mwaka 2013 mabingwa wa Al Wabra walifaulu kupata makinda kwa mbegu iliyopandikizwa, jambo ambalo kwa kasuku huyu halikuwa limewahi kufanyika.

Alifariki London Novemba 2014, ana miaka 48. Wanyama hawajui kungoja mirathi. Mwaka 2018 kasuku wake walihamishiwa Ujerumani, Machi 2020 ndege 52 wakarudishwa Brazili, na Juni 2022 wanane wa kwanza wakafunguliwa Curaçá.

Nikimfikiria Sheikh Saud namwona pamoja na mtu aliyepiga picha Arabuni, Mwingereza Wilfred Thesiger. Huyu alivuka Rub' al-Khali kwa ngamia miaka ya 1940 akiwa na Leica yake, kisha akahamia kwetu, akaishi Maralal miongoni mwa Wasamburu kwa miaka mingi. Aliacha negativu zipatazo 38,000, ambazo leo ziko Oxford. Aliyachukia magari kwa moyo wote. Watu walimcheka kwa hilo, wakisema ni Mwingereza tajiri anayetaka maskini wabaki maskini, na kuna ukweli ndani yake. Lakini kwa habari ya choroa, gari lilifanya kile alichosema lingefanya.

Sasa njoo Doha ya leo uone wapiga picha. Alhamisi jioni utawakuta wakijaza mafuta na kupima lenzi: Waqatari vijana, Wahindi, Wafilipino, na mmoja mmoja Mkenya au Mganda aliyekuja kwa kazi ya ulinzi au udereva akaweka akiba ya kamera. Usiku wanaelekea Zekreet na Ras Abrouq, rasi ya miamba ya chokaa iliyoliwa na upepo hadi ikafanana na uyoga, ambako serikali imewaweka choroa, swala na mbuni. Mbuni hao ni wa asili ya Afrika. Mbuni wa Arabuni alimalizwa na magari yaleyale, na kwake yeye hakukuwa na zizi la Isiolo.

Kumpiga picha choroa ni mtihani. Mnyama ni mweupe, mchanga ni mweupe, na jua la saa nne asubuhi linafuta kila kivuli. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaubana, na choroa wako anatoka kijivu kama majivu. Wazoefu humwongezea mwanga kwa mkono, ila si mwingi mno, maana wakizidisha manyoya yanaungua na hubakiwa na pembe mbili zinazoelea hewani. Ikifika saa tatu joto linaanza kupanda kutoka ardhini, na lenzi ndefu ya thamani ya gari inakuletea mnyama anayetetemeka kana kwamba yumo ndani ya maji. Muda wa kazi ni saa moja baada ya jua kuchomoza, na saa moja kabla halijazama.

Kisha kuna uzio. Choroa wa Qatar, karibu wote, huishi ndani ya waya, na kiangazi kikikaza huletewa majani makavu na maji. Wasipoletewa watakufa, kwa sababu kundi lililofungiwa haliwezi kufuata mvua kilomita mia kama walivyofanya wale wa Mahra. Hori limewekwa mahali panapofikika kwa gari, na choroa hukaa karibu na hori. Mpiga picha basi huinama, husogea, hungoja mnyama ageuze kichwa, akamtafutia pembe ambayo waya hauonekani, na ukionekana anaukata nyumbani kwenye kompyuta. Picha inayobandikwa ukutani hotelini inakuonyesha mnyama wa nyika peke yake mbele ya mwamba. Nimeziona nyingi za namna hiyo, na nyingine ni nzuri kweli. Lakini kama ningekuwa mhariri anayechagua moja ya kueleza habari za mnyama huyu tangu 1961 hadi leo, ningeomba ile iliyotupwa, yenye nguzo ya chuma upande wa kushoto, matairi ya gari la majani yaliyochora mchanga, na choroa saba wenye vichwa chini, wanakula.